Kuku wa Kuomba Radhi

Mama yangu na mume wangu walikuwa marafiki kabla mimi sijayaharibu mambo kwa kuolewa. Wanangu hucheka nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila alfajiri mama alisimama ukingoni mwa mto Songwe, upande wetu wa Tanganyika, na yeye, kijana wa ng'ambo huko Nyasaland, akasimama upande wao, wakapeana habari za maji kwa kupiga kelele.

“Mto umeamkaje?”

“Umeamka mzima, mwanangu. Visima je?”

“Vinashuka, mama. Punguzeni kunywesha ng'ombe.”

Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hakukiona. Kwetu kivukoni palikuwa na kigingi cha mti mgumu, kimechongwa alama mbili kwa shoka. Maji yakifika alama ya chini, mbuzi wanatolewa bondeni. Yakifika ya juu, mtu anaacha hata jembe na kukimbia. Matete ya upande wao yalikificha kigingi, kwa hiyo walimtegemea mama. Kiangazi ilikuwa zamu yetu kuwategemea, maana visima vya mchangani vilikuwa kwao, na mchanga ukianza kukauka wao ndio waliotangulia kujua. Serikali nazo zilikuwa na mbao zao za kupimia, zimepakwa rangi nzuri, moja huku na moja kule. Bwana wa huku na bwana wa kule wote walikuwa Waingereza, lakini sikuwahi kusikia wakiulizana lolote. Sisi tuliulizana kila siku.

Basi yule kijana akaniona nikiwa nimesimama nyuma ya mama, akaleta posa. Mama alifurahi kuliko mimi. Sijui kwa nini hakuna hata mmoja, pande zote mbili, aliyekumbuka kwamba kwa mila yetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Hawasemezani, hawapishani njiani. Mkwe akisikia tu sauti yake, anaingia porini mpaka apite. Tulicheza ngoma ya harusi, tukala, tukalewa, na kesho yake alfajiri mto ukakosa wa kuusemea.

Nikawa mimi ndiye mdomo wao. Naamka, nashuka ukingoni, namuuliza mama, narudi kumwambia mume wangu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipojifungua, na mzazi wa siku chache kwetu hatoki nje, wala hasogelei mto.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha milimani usiku kucha. Asubuhi mavyaa wangu, mama yake mume wangu, aliteremka na jirani yake kuchimba magimbi kwenye shamba la chini kabisa, karibu na maji. Nikiwa ndani na mtoto nikamsikia mama yangu ng'ambo.

“Mkwe! Mkwe wangu! Alama ya juu!”

Nikashusha pumzi, maana nilijua mume wangu yuko uani. Nikachungulia mlangoni nione anavyokimbia. Hakukimbia. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya mibarika, mikono usoni, kama mtu aliyeshikwa na tumbo.

“Hujasikia?” nikamwambia. “Maji!”

“Ni mama yako yule,” akaninong'oneza. “Rudi ndani, unanitia aibu.”

Alikuwa anaheshimu. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nimemtukana kwa jambo hilo miaka mingi. Alifundishwa kuisikia sauti ile na kujificha, na akaisikia na kujificha, na mama yake mzazi yuko bondeni ameinamia magimbi.

Mama aliita mpaka sauti ikamkauka. Ngurumo ya maji ilikwisha kuizidi, wale wanawake wawili wasingemsikia. Ndipo akafungua khanga yake nyekundu, nguo pekee ya heshima aliyokuwa nayo mwilini, akabaki na shimizi kuukuu lililochanika ubavuni, akapanda juu ya jiwe na kuipunga. Akapunga kama mwendawazimu. Mavyaa aliinua kichwa, akaona wekundu ule, akamvuta mwenzake. Walifika juu wametapakaa tope hadi shingoni. Shamba walilitazama likienda.

Ungedhani tungepeleka shukrani. Wazee wa kwa mume wangu walikaa, wakasema mama mkwe amevua nguo mbele ya mkwe wake, tena nyumbani mna kitoto kichanga, na mtoto atadhurika. Alete kuku mweupe, aombe radhi. Nilimtazama mume wangu, nikimngoja aseme neno. Akatazama miguu yake. Nikamtazama mavyaa. Akasema mila ni mila.

Mto ulipopungua, mama alimpeleka shangazi yangu na kuku. Alikuwa jogoo mkubwa, yule aliyekuwa akituamsha nyumbani kwetu. Wakamchinja. Arobaini yangu ilikuwa haijaisha, kwa hiyo wakapika wengine, lakini bakuli lililetwa mbele yangu. Mavyaa alikula paja, akalamba vidole, akasema, “Kwenu mnafuga vizuri.” Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Niliwaonea haya wote, na mila yetu, na mtoto wangu aliyenyonya kwa amani katikati ya watu wale.

Nilipotoka arobaini, mume wangu alikuwa ametafuta njia. Alfajiri alimpakata mtoto, tukashuka pamoja. Akaupa mto mgongo, akamsemesha mtoto kwa sauti ile ya zamani ya kuvuka maji.

“Mwanangu! Muulize bibi yako, mto umeamkaje?”

Ilikuwa rahisi hivyo. Angeweza kuuliza hivyo tangu harusi, hata kwa mbuzi, hata kwa jiwe.

Mama alikuwa ng'ambo anachota. Alisikia, nilimwona akisimama. Kisha akajitwika mtungi, akajifunika khanga ile nyekundu mpaka usoni, akaingia kwenye matete na kuchuchumaa humo, kama impasavyo mama mkwe mwenye adabu.

“Amesemaje?” mume wangu akaniuliza, mgongo bado ameugeuza.