Mjukuu Aliyekwenda Kusomea Figo

Mwaka ule tulikula ming'oko. Si kwa hamu, kwa shida: mihogo ilikauka ardhini, wanawake wa Mkunya tukaingia porini na majembe kuchimba mizizi hiyo, tukachemsha, tukala asubuhi na jioni mpaka watoto wakiiona tu wanalia. Na ajabu yake, maduka ya Newala yalikuwa yamejaa. Biashara imekuwa huria, kila kitu kipo, biskuti, mafuta ya kopo, sabuni za kunukia. Tunasimama mlangoni tunanusa, halafu tunarudi kwenye ming'oko yetu. Ndio mwaka mjukuu wangu alipokwenda India kusomea figo.

Udaktari alikuwa nao tayari. Alitibu Masasi, na mimi nilipita sokoni kifua mbele. Lakini yeye alitaka figo tu. Sababu naijua, maana mama yake, binti yangu wa kwanza, alitufia mikononi amevimba uso na miguu.

Huku kwetu juu, maji yalikuwa ya kuteremkia bondeni. Unatoka alfajiri, unarudi jua kali na ndoo moja kichwani. Kwa hiyo mtu akiugua humpelekei sukari, unampelekea maji. Binti yangu alipotoka hospitali, majirani walimjazia mitungi mpaka mlangoni. Na daktari alishasema: figo zimekufa, maji hayana pa kutokea, mpeni kikombe kimoja tu kwa siku. Basi akalala katikati ya mitungi, anaomba maji. "Mama, hata ya kulowesha ulimi." Mtoto wake, huyu huyu daktari wa leo, ndiye aliyemfuta midomo kwa kitambaa chenye unyevu. Tulimzika, mitungi bado imejaa.

Siku ya kuniaga alinieleza. Mtu mzima mwenye afya anatolewa figo moja, anashonewa mgonjwa.

"Kushona si kazi yangu, Bibi. Mimi nasomea kumtunza baada ya hapo. Mwili unaikataa figo ya mwenzake, unaifukuza kama mgeni. Lazima uubembeleze kwa dawa maisha yote."

"Hata babu yako nilimbembeleza maisha yote," nikamwambia, "na sikusomea."

Akacheka hadi akakaa chini.

Alipoondoka nyumba ikanyamaza. Nilikuwa napiga hodi chumbani kwake, hamna mtu, mjinga mimi. Kanga aliyoiacha sikuifua. Nilijifunika nayo usoni kila nilipolala, mpaka harufu yake ikaisha, ikabaki yangu.

Mwanangu wa kiume, mjomba wake, aliniona ninavyokonda.

"Mama, tuma neno kwamba unaumwa. Utamwona anashuka kwenye basi."

"Kwani naumwa?"

"Kusema tu, Mama. Mtu wa umri wako hakosi pa kuumwa."

"Hapana. Figo kwanza, mimi baadaye."

Akasonya, akaenda zake.

Msimu wa pili wa korosho, mfanyabiashara mmoja kutoka kaskazini akafungua duka la simu ya kulipia Newala mjini. Tukapanga kwa barua siku ya kuongea. Nikaenda na mwanangu, nimevaa doti ya sikukuu kana kwamba mtoto ataniona.

"Shikamoo, mke mwenzangu."

"Marahaba. Unakula?"

"Nakula. Bibi, jana mgonjwa wangu alikojoa! Figo imekubali. Ndugu zake wote wamelia, wamenishika miguu."

"Mnashangilia mkojo huko?"

"Mkojo, Bibi! Chombo kimepitishwa, kila mtu anachungulia."

Nikacheka, watu dukani wakageuka. Halafu nikasikia anavuta kamasi. Akasema wamemwambia bado mwaka mzima, na amechoka. Wagonjwa wengine mwili unaikataa figo, wanakufa yeye amewashika mkono. Akirudi chumbani hakuna wa kumwambia neno kwa Kimakonde.

"Bibi, sema nirudi. Ukisema wewe, kesho nafunga mzigo."

Mwanangu alikuwa ameegesha sikio lake karibu na langu. Akanibinya mkono. "Mwambie arudi, Mama. Si ndicho unacholilia? Mwambie!"

Neno lilikuwa mdomoni. Ningelitema tu, ningemkumbatia kabla mabibo hayajaiva. Nikaushika mkonga wa simu kwa mikono miwili.

"Hapana. Figo kwanza, mimi baadaye."