Nilivyojifunza chensoo ya marehemu baba ili mkwaju wa mama ubaki

Wakuu, salaam kwenu. Ninayoyaandika yametokea nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Anayetafuta chai, yaani hadithi za kutunga, uzi huu haujachemshwa.

Marehemu baba alikuwa mkata matimba kule Nyarugusu, Geita. Matimba ni yale magogo yanayozuia kuta za shimo la dhahabu zisiwafukie wachimbaji. Ugali wetu na sare zetu za shule vilitoka kwenye chensoo yake, msumeno wa injini. Mama aliishi naye kambini, akimnolea mnyororo huku maharage yakichemka.

Baba alipofariki, chensoo ilitiwa kwenye kiroba, ikawekwa juu ya kabati. Hakuna aliyeigusa.

Sasa mvua zilikuwa zinakaribia, na tawi kubwa la mkwaju alioupanda baba lilikuwa limelalia jiko la mama. Upepo ukivuma, mabati yanalia.

Pacha wangu Doto alishaamua mti wote uondoke; mimi nilitaka ubaki.

"Siku tawi likimwangukia mama, wewe utamwandikia uzi mtandaoni?" aliniuliza.

Mama akasema taratibu, "Kulwa apunguze tawi. Akishindwa, Doto, leta watu wako waukate wote."

Hapo mti mzima ukawa mikononi mwangu, na mimi chensoo sijawahi hata kuiwasha.

Tulipofungua kiroba, harufu ya oili na vumbi la mbao ilinipiga usoni. Nikawa mtoto tena, likizo, nimekaa juu ya gogo kule kambini nikimsubiri baba amalize kazi tule.

Mama alikaa chini, miguu kainyoosha, chensoo mapajani. Tukamwaga petroli ya zamani, tukachanganya mpya na oili ya tuu-stroki. Filta ya hewa tukaiosha kwa sabuni, plagi tukaisugua. Kisha akanipa tupa.

"Sukuma mbele tu, ng'wana wane, mwanangu. Ukirudisha nyuma unaua tupa, na jino linabaki butu."

Mnyororo tukaukaza: uzunguke ukiuvuta kwa mkono, lakini usining'inie. (Wakuu, vaeni glovu kabla ya kuuvuta. Kidole changu kinajua kwa nini.)

Siku ya kazi, nilivaa miwani na buti. Tawi lilianzia usawa wa kifua, kwa hiyo ngazi haikuhitajika. Doto alishika kamba kwa mbali ili alivutie upande usio na jiko.

Nikaingiza mnyororo kutoka juu, kama nilivyomwona baba akifanya miaka yote ile. Tawi likaanza kuinama na gome likachanika kuelekea shinani.

"Zima," mama alipaza sauti.

Nikazima. Akaja akapapasa lile jeraha.

"Hiyo ni namna ya kukata matimba. Kule mti ukianguka hakuna anayeuliza habari za gome. Huu tunataka ubaki. Rudi kidogo upande wa shina, ukate chini kwanza, ndipo umalizie juu."

"Niwapigie watu wangu?" Doto aliuliza.

Nikawasha, nikakata chini, nikarudi juu. Tawi likakatika, Doto akavuta kamba, likalala uani. Bati halikuguswa, na gome halikuchanika zaidi.

Doto akakunja kamba. "Basi, wasije."

Nikanyoosha kidole kwenye swichi. Mama akainua mkono.

"Usizime kwanza."

Alisimama, kichwa kakiinamisha upande, kama mtu anayesikia anayemjua akija njiani. Chensoo ikanguruma taratibu. Aliponiashiria kwa kichwa, ndipo nikazima.

Wakuu, nilichojifunza: mti unaotaka uishi, tawi lake anza kulikata upande wa chini, filta isafishwe kila baada ya kazi, na chombo cha marehemu kisiozee kwenye kiroba.

Mkwaju umechipua. Chensoo naiwasha kila nikienda nyumbani, hata kama hakuna la kukata. Mama huwa anatoka jikoni kuisikiliza.

Nyie wazazi wenu waliwaachia chombo gani, na mlio wake ukoje? Uwanja ni wenu.