Weusi wa Bampa

Muosha magari wa mtaa wa Kabiro haanzi kazi kwenye bampa ya plastiki iliyopauka kabla hajaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, akaguna kama daktari aliyeletewa maiti, kisha akauliza kwa upole, “Unauza ama unabaki nayo?” Anayebaki nayo huchomewa plastiki kwa moto wa gesi, polepole, mpaka weusi wake urudi. Ya anayeuza hupakwa mafuta yaliyochoka ya kibanda cha chipsi, nayo hung'aa siku mbili nzima. Chege, ambaye pikapu yake ilishakataliwa na wanunuzi watatu, alisema anauza, na bampa ikang'aa kuliko bwana harusi.

Mnunuzi wa nne, Nereah, hukaanga samaki kule Makina. Alifika pale pale kwa muoshaji, akaizunguka pikapu mara moja tu, akainama, akanusa. “Boss, haya mafuta yalikuwa yanakaanga nini?” Chege akamkonyeza muoshaji mpaka jicho likachoka. Muoshaji akakunja kitambaa chake mara nne, kama afanyavyo kila anapoulizwa mambo ya kitaalamu. “Chipsi tu, mathe. Ya samaki huleta paka.” Nereah akamshukuru kwa ukweli wake, akaondoka kwa miguu. Chege naye akaendesha pikapu yake hadi nyumbani, ikimeremeta njia nzima.