Mkwaju wa Kwenye Bakuli

Picha niliiona kwenye kalenda ya duka la vipuri, ofisini kwa mume wangu pale stesheni ya Mpanda. Ulikuwa mti mzima, shina la kizee na matawi yaliyotanda, lakini umesimama kwenye kisahani juu ya meza. Chini yake pameandikwa bonsai. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimeolewa mwaka huohuo, na nilikuwa na ule ugonjwa wa walimu wapya wa kudhani kwamba chochote kilichoandikwa mahali wanakiweza. Mwenzangu wa sayansi alinieleza alichokijua: Wajapani huupa mti udongo kidogo, hupunguza mizizi, hufunga matawi kwa waya na kukata kila unapojaribu kukua. Nikaona nimehitimu.

Nikaotesha mbegu ya mkwaju. Kisahani sikuwa nacho, kwa hiyo nilichukua bakuli la bati lenye maua mekundu nikalitoboa kwa msumari. Waya niliung'oa kwenye redio mbovu, na mkasi ulikuwa wa kushonea. Nikauweka mti wangu sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma ili wageni wauone. Wageni hawakuuona. Majani yakapukutika kwa kukosa jua, ikabidi niuhamishie barazani kimyakimya. Baada ya mwaka mzima wa kukata na kufunga nilikuwa na kijiti kilichopinda ambacho hakikufanana na kalenda kwa lolote, na bado nilikuwa nakisifu.

Ndipo mama mkwe alipokuja. Alifika kwa lori kutoka Usevya baada ya mavuno, na gunia la mchele wa shamba lake, kuja kuona mwanawe anaishije. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alilichukua mwenyewe siku ya kwanza, na jioni bustani yangu ya mchicha ilikuwa haina jani la magugu. Nilitaka kitu kimoja tu kwake: aniite mwanangu. Wakwe zake wengine wote aliwaita hivyo. Mimi aliniita mwalimu, akinitazama mifupa ya mabega.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya mkwaju.

"Mwalimu, bakuli hili si lile nililowapa kwenye harusi?"

"Ndilo, mama."

"Mmh. Na huyu ana umri gani?"

"Mwaka na kidogo, mama."

Aliugusa waya kwa kidole. "Huyu anaumwa," akasema, akaenda kuchambua mboga.

Nilijaribu kumweleza habari za Wajapani. Alinisikiliza kwa adabu kabisa, kisha akauliza kama huko Japani wanalima. Nikasema wanalima mpunga. Akasema basi wanajua vizuri, wanafanya makusudi.

Wiki ile ile mti ulianza kuchipua kwa fujo. Nikakata. Ukachipua tena, majani mengi ya kijani kibichi. Nikachimbua udongo nikakuta samadi ya mbuzi wa jirani na majivu ya jikoni. Waya nao ulikuwa umelegezwa. Mkwe habishiwi. Nilingoja aende kuteka maji nikakata kwa hasira na kukaza waya. Yeye naye alingoja niende kufundisha. Tukaendelea hivyo, wanawake wawili wazima tunapigana vita juu ya kijiti, na mezani tunapeana chumvi. Mume wangu alikuwa anajua yote. Alijificha kwenye taarifa ya habari.

Mezani nako nilikuwa na taabu nyingine. Kila nilipoinua kichwa, kwenye sahani yangu kulikuwa kumeongezeka tonge la ugali ambalo sikuliomba. Nililichukulia kuwa dharau. Nililirudisha kwenye sinia, nikisema nimeshiba.

Siku moja nilirudi mapema kutoka shule na nikamsikia mama mkwe barazani, akiongea taratibu kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu.

"Kula, mwanangu. Kula."

Nilichungulia. Alikuwa amechuchumaa mbele ya bakuli akifukia samadi kwa kidole. Nilimwonea wivu mti. Nilikuwa na cheti cha ualimu, na nilisimama pale mlangoni nikikionea wivu kijiti, mpaka machozi yakanilenga. Usiku huo ningeweza kukikata kuanzia chini.

Sikupata nafasi, kwa sababu malaria iliniwahi. Nililala siku kadhaa siwezi hata kunusa chakula. Mchana mmoja, katikati ya homa, nikaisikia sauti ileile.

"Kula, mwanangu. Kula."

Nikafumbua macho kutafuta ameuweka wapi mti. Hapakuwa na mti. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, kashika kijiko cha wali laini wa mchele wake, na ananitazama mimi. Nikalia. Akadhani ni homa, akaongeza blanketi. Nikala wali wote, na jioni nikala na ugali.

Mkasi niliurudisha kwenye cherehani. Alipopanda lori kurudi kuandaa mashamba, mkwaju tulikuwa tumeshauhamishia uani, na sketi zangu zote za kufundishia zilikuwa hazifungi tena kiunoni.