Siku Tuliyopasua Gesi Kapata

Nafundisha kemia katika shule ya ufundi hapa Kapata, kwenye migodi ya kobalti. Mwaka ule nilijifunza njia ya kupata hidrojeni kutoka gesi asilia bila kujaza moshi angani. Unaipasha gesi moto mkali ndani ya bomba lisilo na hewa mpaka inapasuka: hidrojeni inatoka, kaboni inabaki, masizi makavu ya kuzoa kwa mkono. Nilitaka wanafunzi waone kwa macho. Malori ya kobalti yanapita mbele ya madirisha yetu mchana kutwa, yakipeleka mali ya kutengenezea magari safi ya watu wengine, na mimi nilikuwa nimechoka kuuchora usafi huo kwa chaki.

Maabara ya mgodi mmoja ilitupa tanuru kuukuu la umeme. Gesi ndiyo iliyonisumbua. Chupa niliyoagiza ilikaa mpakani hadi wanafunzi wakaacha kuniuliza. Ilipofika ilikuwa gesi ya jikoni, si ile niliyoomba. Nikasema basi, hata hiyo inapasuka.

Siku ya somo, tanuru lilikuwa linaanza kuwa jekundu umeme, tunaouita kuran, ulipokatika.

"Kuran imeenda, mama," akasema msichana wa dawati la mbele, kama vile mimi sikuona.

Wiki iliyofuata, vilevile. Nikamwendea mwalimu wa uhunzi, nikamwomba jiko lake la kufulia chuma.

"Ile ya makala?" akauliza, akionyesha gunia la makaa. "Mama, si unafundishaka gesi safi?"

"Njo ile, tata," nikamjibu kwa heshima. "Sina namna."

Tulilaza bomba kwenye makaa, uani, ncha moja nikaiunga na chupa ya gesi, nyingine nikaichovya ndani ya ndoo ya maji, yeye akavuta mivukuto. Makaa yalikuwa mabichi. Moshi ulifunika ua wote, wanafunzi wakakohoa, macho yakawatoka machozi. Upande wa pili wa bomba mapovu yalipanda ndani ya maji. Niliyakinga kwa chupa ndogo, nikawasha kiberiti: puu, sauti ndogo, walio nyuma hawakuisikia. Wala sikuwa na kifaa cha kunihakikishia kwamba ilikuwa hidrojeni, si gesi ya jikoni iliyopita bila kupasuka.

Prefe, mkuu wetu wa shule, akatokea na kitambaa puani.

"Mama, hii moshi yote ni ya nini?"

"Ni juu ya kutafuta gesi yenye haina moshi, tata prefe."

Hakucheka, aliwawaza wazazi. "Bazazi ba batoto batasema nini? Zima."

Nilifunga gesi. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Bomba lilipopoa nilikwangua masizi kwenye karatasi, yakapita mkono kwa mkono.

"Na hidrojeni iko wapi, mama?" akauliza yule msichana.

"Imeenda," nikasema.

Nikawatuma wakanawe. Mimi na mwalimu wa uhunzi tukabaki tunamwagia makaa maji.