Madebe Yapo, Koo ni Moja

Nakumbuka Kwaresima moja ya miaka ile ya tisini, mwanangu, mpunga wetu huku Mpimbwe umeanza kushika punje na ndege wanashuka kama mvua. Nilikuwa binti wa kwaya. Asubuhi ya Pasaka nilipangiwa mimi kuanzisha Aleluya, na kwa Kwaresima nzima hakuna aliyekuwa ameitamka, maana kanisani huwekwa kando mpaka Pasaka.

Kazi yangu nyumbani ilikuwa kuamia ndege. Bibi alikuwa amefunga kamba yenye madebe matupu kutoka dunguni, kile kichanja cha kulindia, mpaka mwisho wa shamba. Unavuta, madebe yanagongana, ndege wanahama. Basi.

Lakini shamba la pili alikaa Tereza, mwenye mdomo. Akaniita: "Wewe mwanakwaya, unavuta kamba kama unachunga mbuzi! Hiyo sauti unamwekea nani?"

Mjinga hachokozwi mara mbili. Niliiacha kamba, tukashindana kupiga mayowe siku tatu. Ya pili koo likawasha, sikujali. Jumamosi Kuu nikaamka ninakwaruza kama jembe kwenye mawe.

Nikamwendea Bibi, nikamnong'oneza anitafutie dawa. Hakunionea huruma, na alifanya vizuri.

"Nyamaza. Hata huko kunong'ona acha, unajikamua bure. Debe likitoboka tutatafuta lingine. Koo utalitafuta wapi?"

Akanipa maji, akanikataza kuimba mpaka litakapopona. Pasaka ile nilisimama kwenye kwaya mdomo nimefunga, Aleluya ikaanzishwa na binti niliyemfundisha mwenyewe. Nililia, ila kimya kimya, maana nilimwogopa Bibi.

Sauti ilirudi baada ya majuma mawili. Mpaka leo naanzisha nyimbo, namshukuru Mungu. Tereza ndiye wifi yangu sasa. Yeye aliendelea na mayowe yake miaka, akabaki na sauti ya mikwaruzo, na akicheka tunajua ni nani kabla hajafika mlangoni.

Sasa nyie mnaoshindana na spika za harusi na mashine za kusaga, sikieni. Palipo na kelele, msogelee mtu ndipo useme. Kunywa maji. Koo likiwasha, hilo ndilo onyo, usingoje la pili. Likikwama, nyamaza kweli, na majuma matatu yakipita halijafunguka, nenda hospitali, usikae na tangawizi yako.

Mungu akutunzie sauti, mwanangu. Siku watu wote wakikugeukia uanzishe, uikute ipo.