Mwiko wa Mayai Uani Kwetu

Mama yangu ndiye aliyemmenyea mke wa kaka yangu yai la kwanza la ujauzito wake, tena mchana, uani kwetu Pangani. Asiyemjua mama hataona ajabu. Lakini mama ni somo. Ndiye anayewafunda wari wa mtaa wetu, na katika mafunzo yake mwiko wa mayai ulikuwa haujadiliwi: mjamzito akila yai, mtoto huzaliwa na upara. Wanawake wengi wa mtaa wamezaa bila kuonja yai, kwa kauli yake.

Shida ilianza na samaki. Mimba ilipokolea, wifi yangu hakuweza hata kukaribia jiko, shombo ilimtapisha. Kwetu kitoweo ni samaki, na asiyekula samaki hubaki na wali na tui. Alikonda mpaka kanga ikawa haimkai.

Nikampeleka kliniki. Muuguzi alimpa vidonge vya kuongeza damu, kisha akauliza anakula nini. Alipojibiwa, akasema ajaribu mayai: yana protini ya kujenga mwili wa mtoto, na kiini kina vitamini na virutubisho vya ubongo. Yachemshwe mpaka kiini kigande.

Wifi yangu aliinamisha kichwa. "Mama hatakubali," alininong'oneza.

Nilimweleza mama kila kitu kama nilivyokisikia. Alikwenda bandani, ambako tetea mmoja alikuwa akitotoa, akarudi na kifaranga kiganjani, bado kibichi.

"Huyu ana macho," alisema. "Ana mifupa, ana kucha. Kavitoa wapi?"

"Ndani ya yai, mama."

"Na manyoya haya?"

"Humo humo."

"Basi mtoto apate upara kwa lipi?"

Akateleka sufuria.

Jirani yetu, rika la mama, alikuwa amekuja na ukili wake wa mkeka kusuka. Akaona maganda.

"Somo! Leo wala miiko yako mwenyewe?"

"Sili mie, anakula mkwe wangu."

"Na mtoto akitoka kichwa kama kibuyu?"

"Nitamvika kofia. Mbona mumeo hana unywele hata mmoja, na mamake hakuwahi kufuga kuku?"

Jirani alicheka mpaka ukili ukamtoka mikononi.

Nimeona watu wazima wengi wakigundua wamekosea. Hunyamaza, wakageuza maneno polepole, kama kwamba walisema hivyo tangu zamani. Mama alijitanda kanga akapita kwa wari aliowafunda, nyumba baada ya nyumba. "Lile la mayai nililowaambia, liacheni. Nami nilifundwa hivyo, sikuuliza." Nilifuatana naye, kifua mbele, nikiitikia salamu kama niliyeolewa jana.

Wifi yangu sasa mwili umemrudia. Kliniki wanasema mtoto anakua vizuri.

Binti mdogo wa yule jirani naye ni mjamzito, na amedhoofu kuliko wifi yangu alivyokuwa. Kila Ijumaa mama humpelekea bakuli la mayai ya kuchemsha, na kila Jumamosi bakuli hurudi tupu, limeoshwa. Juzi nilimuuliza binti kama yanamkaa tumboni. Alimtupia jicho mama yake aliyeketi mlangoni, akasema, "Matamu, dada." Anayala yeye, au wanayala kaka zake? Mpaka leo hatujui.